Madaraja ya Nguvu ya Zege

Huko Makanya, wilayani Same, huchimbwa jasi. Viwanda vya saruji huisaga jasi pamoja na klinka ili saruji isigande haraka mno inapokutana na maji. Saruji ikichanganywa na mchanga, kokoto na maji, tunapata zege. Mtahiniwa anatakiwa aweze kueleza zege hilo litahimili mzigo kiasi gani, na aliagize vipi.

1. Maana ya daraja

Daraja la zege huandikwa kwa herufi C na namba. C25 maana yake ni kwamba mchemraba wa zege wenye upande wa mm 150, uliotunzwa katika maji kwa siku 28, unatarajiwa kuhimili mgandamizo wa nyutoni 25 kwa kila milimita mraba (N/mm²). Namba hiyo si wastani. Ni kiwango ambacho matokeo yasiyozidi asilimia 5 ndiyo yanayotarajiwa kuwa chini yake. Katika mfumo wa Ulaya daraja hilo huandikwa C20/25: 20 ni nguvu ya mcheduara, 25 ni ya mchemraba.

Mfano: Mchemraba ulivunjika kwa mzigo wa kN 495 siku ya 28. Je, umefikia 25 N/mm²?
Eneo = 150 × 150 = mm² 22,500.
Nguvu = 495,000 ÷ 22,500 = 22 N/mm².
Jibu: Haukufikia.

2. Kuchagua daraja

(a) C15 (takriban 1:3:6): zege la kusawazisha chini ya msingi.
(b) C20 (takriban 1:2:4): sakafu ya chini ya nyumba ya kawaida.
(c) C25 (takriban 1:1½:3): nguzo, boriti na slabu zenye nondo.

Uwiano huu wa saruji, mchanga na kokoto ni makadirio tu. Daraja huthibitishwa kwa kupima.

3. Maji na nguvu

Uwiano wa maji kwa saruji ukiwa 0.5, mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 25 za maji. Fundi akiongeza lita 10 ili zege limwagike kwa urahisi, uwiano unakuwa 0.7. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu hushuka. Kwa macho huwezi kuliona kosa hilo, lakini familia italala chini ya slabu hiyo.

4. Mazingira ya kazi

Tambarare za Same hupata mvua kidogo kuliko Milima ya Pare. Jua na upepo hunyonya maji ya zege kabla saruji haijamaliza kazi yake. Kwa hiyo lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi. Milimani, mchanga ulionyeshewa tayari una maji: punguza yale unayoongeza.

5. Namna ya kuandika maelekezo

Usiandike "zege imara". Andika hivi:

"Slabu ya ghorofa ya kwanza: zege C25, saruji 42.5, kokoto zisizozidi mm 20, uwiano wa maji kwa saruji usizidi 0.5, michemraba 6 ichukuliwe, 3 ipimwe siku ya 7 na 3 siku ya 28, zege limwagiliwe kwa siku 7."

Siku ya 7 zege huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Matokeo mabaya siku hiyo ni onyo la mapema, kabla ukuta wa juu haujajengwa.

Zingatia: 42.5 kwenye mfuko ni nguvu ya saruji, si daraja la zege. Watahiniwa wengi huchanganya hapa.

Swali la kujipima

Mfuko mmoja wa kilo 50 umechanganywa na lita 30 za maji. Tafuta uwiano wa maji kwa saruji, kisha eleza kama zege hilo linakubalika kwa maelekezo yaliyo hapo juu.