Mvua ya Nandi na Saa za Sala

Sisi watu wa pwani, ndugu msomaji, mvua huipokea barazani. Ikianza, mkeka huvutwa ndani na kahawa ikaendelea. Basi niliposema nakwenda bara wakati wa masika, nitembee kwa miguu kutoka milima ya Nandi mpaka Kisumu, nyumbani waliniuliza nimerogwa na nani.

Njia huanzia mji wa Nandi Hills, penye mashamba ya chai, yapata mita 2,000 juu ya bahari. Huteremka ukingo mkubwa wa Nandi hadi Chemelil na Kibigori, kisha ikakata uwanda wa Kano, wenye miwa na mpunga, mpaka ziwani. Tulikuwa watatu: mimi, kijana wa Lamu, na mzee wa Kinandi aliyekubali kutuongoza.

Wazee wetu wa misafara ya pembe, walipokwenda kwa Mumia, waliwachelea Wanandi wakazunguka kaskazini kupitia Uasin Gishu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili. Shanta langu halikufika hata moja, na bado nililiona zito.

La kujua kwanza ni kwamba mvua ya huko ina saa yake. Asubuhi ni kweupe. Mchana upepo wa ziwa hupanda milima, mawingu hujikusanya, na alasiri hushuka ngurumo, mara nyingi na mvua ya mawe. Hapo nikaona kuwa vipindi vya sala ndivyo ratiba ya msafiri: tukisha kusali alfajiri tunaondoka, adhuhuri tunatafuta pa kutua, alasiri inatukuta chini ya bati.

Dini nayo imemwekea msafiri wepesi. Adhuhuri na alasiri tulizikusanya tukazisali kwa kupunguza. Buti zetu za ngozi, zilizofunika vifundo, tulizivaa tukiwa na udhu, tukazipangusa kama khufu. Msafiri ameruhusiwa siku tatu na masiku yake. Chuoni nililisoma jambo hili kwa kukariri tu. Katika tope na baridi ya Nandi nililifahamu.

Nguo nazo zina somo. Kikoi cha pamba kikilowa hunyonya joto la mwili. Sweta la sufu hata likilowa lina msaada. Nguo kavu ya kusalia ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, isiguswe njiani.

Siku ya pili, chini ya ukingo, tulikuta kijito kimefura, maji mekundu kama udongo wa chungu. Yule kijana alitaka kuvuka ili tulale mbele.

“Mzee, maji ni ya magotini tu,” alisema.

“Mwanangu, huyaoni yanayokuja kutoka juu,” mzee alijibu, akaketi.

Tukaketi naye. Mvua ilikuwa bado yanyesha huko milimani tulikotoka. Haikupita muda gogo zima la mti likapita mbele yetu kwa kasi, likibingirika pale pale ambapo kijana angekanyaga. Hakuna aliyesema neno. Tulilala kwa wenyeji, na asubuhi tulivuka maji yakiwa chini ya magoti kweli.

Siku ya tatu tuliingia Kisumu tukasali katika Msikiti wa Jamia. Anayetaka njia hii masika asione haya kungoja mtoni. Wahenga walisema: kawia ufike.