Marigoldi: Usichague kwa Picha ya Paketi

Je, msomaji, umewahi kununua mbegu za marigoldi kwa kuvutiwa na picha iliyo kwenye paketi, kisha miezi baadaye ukashangaa mbona bustani yako haifanani nayo hata kidogo? Huenda kosa si la udongo. Huenda ulichagua aina isiyofaa kazi uliyoikusudia.

Aina mbili ndizo hupandwa sana majumbani: marigoldi ya Kiafrika na ya Kifaransa. Usidanganywe na majina hayo, kwani zote asili yake ni Mexico na nchi jirani. Hata lile gugu linalonuka, bangi mwitu, ni la ukoo huo huo.

Ya Kiafrika hurefuka sentimita 60 hadi 90 au zaidi, na ua lake laweza kufikia upana wa sentimita 10. Maua si mengi, lakini ni mazito na yamejaa. Ndiyo ifaayo kutunga makoja, kama yale ya Wahindu wakati wa Diwali. Udhaifu wake ni kwamba mvua kubwa ikinyesha, ua hujaa maji, likainama na kuoza. Itegemeze kwa vijiti.

Ya Kifaransa ni fupi, kwa kawaida sentimita 15 hadi 40. Maua yake ni madogo, lakini ni mengi mno, huchanua mapema na hustahimili mvua vizuri zaidi. Wewe unayeishi kwenye ghorofa na una mikebe michache tu kwenye roshani, hii ndiyo yako.

Basi ipi huzaa zaidi? Hapo ndipo wengi hukosea. Ukihesabu maua, ya Kifaransa hushinda. Ukiyapima kwa mizani, ya Kiafrika yaweza kutangulia. Anayeuza kwa kilo na anayetaka rangi mlangoni hawatumii kipimo kimoja.

Nawe mwanafunzi, jaribu haya likizoni. Panda miche 10 ya kila aina siku moja, katika udongo mmoja, na uipe maji sawasawa. Kila Jumamosi hesabu maua yaliyochanua na uyapime upana kwa rula. Kisha chuma ua moja la kila aina, uliweke katika glasi ya maji na uandike siku litakaponyauka. Daftari lako litakuambia mengi kuliko paketi.

Usizidishe samadi, la sivyo utavuna majani badala ya maua. Kata maua yaliyokauka ili mengine yatokee. Na ikiwa mbegu ulizonunua ni za chotara, usizihifadhi kwa msimu ujao, kwani watoto hawatafanana na mzazi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mchagua mbegu, huyo ndiye mkulima hasa.