Kalamu ya Karani

Wenzangu, wengi wetu twatamani kazi ya Serikali. Basi nataka kuwaelezeni jambo moja juu ya kazi hiyo, kwa mfano wa Kigali.

Mji huo ulianzishwa na Richard Kandt, Mjerumani, mwaka 1907. Wabelgiji wakaishika nchi mwaka 1916. Katika miaka ya 1930 waliwaandikisha watu na kuwapa vitambulisho vilivyotaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto aliandikwa kama baba yake.

Mwaka 1962 Rwanda ilipata uhuru, Kigali ikawa mji mkuu. Bendera ilibadilika na wakubwa wakabadilika, lakini neno lile halikuondolewa. Karani aliyeanza kazi chini ya Wabelgiji aliweza kuendelea chini ya Jamhuri, akijaza nafasi ile ile. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, watu waliuawa kwa ajili ya neno hilo. Baada ya mauaji yale likafutwa.

Huenda aliyeliandika kwanza alidhani anajaza karatasi tu. Kwa hiyo nasi tukipewa kalamu, na tuulize: neno hili laandikwa kwa faida ya nani?