Kompyuta Kuukuu Bado Ina Kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10, programu kuu iliyokuwa ikiendesha kompyuta za maofisi mengi duniani tangu mwaka 2015. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake makarani wa Juba waliziwasha kama kawaida, wakaandika barua na kuchapa orodha za mishahara. Kilichokatika ni masahihisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi bila malipo, yaani dawa ya kuziba matundu ambayo wezi wa mitandao huyatumia kuingia ndani ya mashine.

Mwenye fedha hujibu upesi: nunua mpya. Sisi wa Juba hatuna jibu jepesi hivyo. Bomba la mafuta lilipopasuka upande wa Sudan mwezi Februari 2024, watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Ofisi isiyoweza kumlipa karani wake haiwezi kununua mashine kumi kwa mpigo. Na tawi la chama, ambalo fedha yake ni michango ya wanachama, likinunua kompyuta mpya litakuwa limekula nauli ya kufuatilia mashauri na fedha ya kuwasaidia wafiwa.

Kwa hiyo swali letu ni hili: Je, kompyuta tulizo nazo zinaweza kuendeshwa na programu mpya, ingawa kampuni imesema hazifai? Nyingi zinaweza. Wahenga walikwisha sema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini lazima tujue namna, gharama na hatari zake.

Jambo hili si la mafundi peke yao

Ndugu mfanyakazi, ndani ya kompyuta ya tawi mna daftari la wanachama, hesabu za michango, mikataba tuliyotiliana saini na waajiri, na mashauri ya wenzetu waliofukuzwa kazi. Mwanachama anapodai malimbikizo yake, ushahidi uko mle. Faili likipotea, na haki imepotea. Tena majina ya wanachama yakiangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya, anayeumia si mashine, ni mfanyakazi.

Mwezi Mei 2017 dunia iliona mfano. Programu ya uharibifu iliyoitwa WannaCry ilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na walioituma wakadai malipo ndipo wafungue mafaili. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Dawa yake Microsoft ilikuwa imekwisha itoa mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwekewa dawa hiyo. Basi anayesema "mashine yangu inawaka, sina shida" hajaelewa jambo.

Kwa nini Windows 11 inazikataa

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Masharti yake ni memori ya GB 4, diski ya GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Kukijua kizazi ni rahisi. Soma kibandiko kilichobandikwa kwenye mashine, au fungua ukurasa wa maelezo ya mashine ndani ya Windows. Ukiona i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, basi hicho ni kizazi cha 4. Ukiona i5-8250U, ni kizazi cha 8, nayo kwa kawaida inakubaliwa. Ikiwa tarakimu ni tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10.

Sasa tazama laptopu za mitumba zinazopandishwa kwa barabara ya Nimule kutoka Kampala na kuuzwa katika maduka yetu. Utakuta kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Kwa kuandika barua, kupiga hesabu na kutuma barua pepe nguvu zake zinatosha kabisa. Microsoft inasema masharti yake ni kwa ajili ya usalama, na si uongo, kwani TPM hutunza funguo za siri za mashine. Lakini gharama ya sharti hilo analipa nani? Mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Na jalala la dunia tunalijua liko upande gani.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft imeweka mpango wa kuendelea kutoa masahihisho ya usalama ya Windows 10. Kwa kompyuta ya mtu binafsi mpango huo umewekewa mwisho tarehe 13 Oktoba 2026, na bei yake ni dola 30. Asiyetaka kulipa anaweza kuingia kwa kuunganisha mashine na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi huko mipangilio yake. Kwa ofisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 3. Tupige hesabu: 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine moja. Tawi lenye mashine 5 litalipa dola 2,135, na mwisho wa miaka hiyo bado litakuwa na mashine zile zile na tatizo lile lile. Njia hii inafaa kwa aliyebanwa na kazi asiyoweza kuihamisha haraka.

Njia ya pili ni kuiingiza Windows 11 ingawa mashine haimo katika orodha. Mafundi hutumia programu ya bure iitwayo Rufus, ambayo hutayarisha flashi ya kusimikia Windows 11 na kuondoa ukaguzi wa TPM na wa prosesa. Kazi hiyo si ya siku nyingi. Lakini tuseme kweli yote: Microsoft imeandika wazi kwamba haiwajibiki kuzipa masahihisho mashine za namna hiyo. Kwa kawaida masahihisho ya kila mwezi huja, ila toleo kubwa la mwaka huweza kukataa kuingia mpaka fundi arudie kazi kwa mkono. Tena toleo la mwaka 2024 linakataa kabisa prosesa za zamani sana, kama zile za jamii ya Core 2 Duo, na hapo hakuna ujanja unaosaidia. Jihadhari pia na fundi anayekuletea nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli. Nakala ya namna hiyo mara nyingi huja na mwizi ndani yake.

Njia ya tatu ni kuiacha Windows na kutumia Linux, ambayo haiuzwi na haina sharti la TPM. Ziko aina nyingi. Kwa ofisi ndogo Linux Mint ni rahisi kuzoeleka, kwa sababu sura yake inafanana na Windows. Toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, linahudumiwa hadi mwaka 2029. Linahitaji memori ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya diski GB 20. Mashine yenye nguvu ndogo ipewe Mint ya aina ya Xfce, iliyo nyepesi zaidi. Barua na majedwali huandikwa kwa LibreOffice, nayo ni ya bure na hufungua mafaili ya Word na Excel.

Hasara zake nazo zipo. Programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake hazitawaka. Majedwali ya Excel yenye amri za ndani huweza kugoma. Baadhi ya printa husumbua. Na mfanyakazi anahitaji muda wa kujifunza.

Afrika ya Mashariki haianzi leo

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kabla Windows yenyewe haijasema Kiswahili. Huko Kenya shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa tangu mwaka 2002 likipokea kompyuta zilizokwisha tumika, kuzitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Linux iitwayo Ubuntu, ambayo Mint imejengwa juu yake, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu, ndugu wa neno letu utu.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, orodhesha mashine zote: aina, prosesa, memori, diski, na kazi inayofanywa.

Pili, nakili mafaili yote mahali pawili tofauti, na nakala moja isikae katika jengo hilo hilo. Asiyefanya hivi asiguse hatua inayofuata.

Tatu, pakua mara moja na kugawana. Linux Mint ni karibu GB 3, na Windows 11 hupita GB 5. Intaneti ya Juba bado ni ghali kwa mfuko wetu, hata baada ya waya wa faiba kufika hapa kutoka Uganda mwaka 2020. Tawi moja lipakue, liweke katika flashi, na flashi izunguke matawi yote.

Nne, jaribu kabla ya kusimika. Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe, jaribu printa, jaribu modemu, fungua mafaili yenu ya kazi. Kisichofanya kazi hapo kitakusumbua baadaye.

Tano, usisimike wakati umeme si wa uhakika. Hakikisha jenereta ina mafuta au betri ya laptopu imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inaweza kubaki bila programu yoyote.

Sita, anza na mashine moja, itumike mwezi mzima, ndipo ziende nyingine. Penye fedha kidogo, nunua diski ya SSD na kuongeza memori. Laptopu iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itakushangaza.

Wajibu wa mwajiri

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Chama kimepokea lalamiko la karani wa miaka mingi, katika ofisi ambayo hatuitaji hapa, aliyeambiwa kwamba mashine zimebadilishwa na yeye hafai tena. Hakupewa hata siku moja ya mafunzo. Badala yake aliletwa kijana kwa mshahara mdogo zaidi. Ndugu zangu, hiyo si maendeleo ya teknolojia. Huo ni unyonyaji uliovaa kofia ya teknolojia.

Mwajiri akibadilisha programu, afundishe wafanyakazi wake, na mafunzo yafanyike saa za kazi na kwa mshahara kamili. Makosa ya wiki za mwanzo yasiandikwe katika faili la mtu kama uzembe. Mfanyakazi asilazimishwe kutumia laptopu yake ya nyumbani kwa kazi ya ofisi kwa sababu ya ofisi imekataliwa na Windows 11. Na fedha itakayookolewa kwa kutonunua mashine mpya ijulikane, ili tuweze kuuliza imekwenda wapi wakati mishahara inadaiwa.

Mambo haya yaingizwe katika mapatano na waajiri wakati wa mazungumzo, kabla mashine ya kwanza haijaguswa. Makatibu wa matawi, leteni orodha za mashine zenu katika mkutano ujao, pamoja na jina la mwanachama mmoja kutoka kila tawi atakayefundishwa kazi hii na kurudi kuwafundisha wenzake. Umoja ni nguvu, hata katika kutengeneza kompyuta.