Usajili wa Mbwembwe Ulivyonila Mbuzi wa Pasaka

Leo sikufichi kitu. Desemba 2013 nilikuwa kijiweni kwa fundi viatu mmoja pale Kiusa, Moshi mjini, zikaja habari kwamba Yanga wamemnasa Emmanuel Okwi, yule Mganda aliyetunyanyasa sana akiwa Simba. Mimi ni Yanga damu. Nikaruka! "Ubingwa tumeshachukua," nikamwambia fundi, "kama unabisha tuwekeane mbuzi." Akanitazama juu ya miwani. "Dogo, mimi nashika Azam."

Tukapeana mikono.

Aprili 13, 2014, Azam wakaifunga Mbeya City 2-1 palepale Mbeya na kutangaza ubingwa. Ligi nzima hawakupoteza hata mechi moja. Pasaka ilibaki wiki moja, mama yuko Kibosho anasubiri mbuzi niliyemwahidi. Akaliwa na fundi.

Kibaya zaidi, sisi na majina yetu tulikuwa wa pili, na hao Mbeya City, waliopanda daraja msimu uleule na vijana ambao hata majina hatukuyajua, wakashika nafasi ya tatu!

Simlaumu Okwi, maana mtu mmoja hachezi namba zote. Ila ningesoma historia kidogo ningeokoa mbuzi. Tukuyu Stars walitoka Rungwe huko, ndiyo kwanza wamepanda, wakabeba kombe mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikafuata 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ikachukua 1999 na ikarudia 2000. Huko Uingereza nako Leicester City walibeba 2016 wakati kampuni za kamari zilikuwa zimewapa nafasi moja kwa 5,000.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi akinisikia naitaja Mtibwa hucheka. Tangu ile 2000 mpaka 2025, nje ya Simba na Yanga ni Azam tu aliyepenya, tena mara moja, na Azam nayo ina pesa za Bakhresa nyuma yake. Simba walibeba mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, wakapokezana na Yanga, nao mara nne, 2022 hadi 2025. Kwa hiyo orodha ya usajili haikuambii nani atabeba kombe. Inakuambia nani yuko kwenye foleni, na sisi wa Kilimanjaro foleni hiyo tunaiangalia kwa mbali. Mkoa wetu haujatoa bingwa hata siku moja. Polisi Tanzania walipopanda 2019 tulijazana Uwanja wa Ushirika tukidhani mambo ndiyo hayo, ikifika 2023 wakashuka. Kijana aking'ara huku, kesho unamwona Dar.

Siku hizi dirisha la usajili likifunguliwa, fundi hunipigia mluzi kutoka ng'ambo ya barabara: "Dogo, mbuzi yupo?" Najifanya sisikii.

Mama yeye mpaka leo anajua yule mbuzi aliibiwa stendi.