Kufasiri Wastani wa Mzigo wa Seva

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwani asiyeubeba hawezi kuujua uzito wake. Methali hii inamfaa sana msimamizi wa seva, yaani tarakilishi inayowahudumia watumiaji wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Katika mifumo ya Unix na Linux, amri ya uptime humwonyesha msimamizi huyo nambari tatu ziitwazo wastani wa mzigo. Kwa mfano 6.00, 4.10 na 2.30. Akizifasiri visivyo, huenda akanunua mtambo usiohitajika, au akapuuza hatari hadi siku ya kutangazwa kwa matokeo ya mtihani, tovuti ya chuo ikatae kufunguka.

Maana ya mzigo

Mzigo hapa si uzito wala asilimia. Ni idadi ya michakato, yaani programu zilizo kazini, inayohudumiwa na prosesa pamoja na ile inayosubiri zamu. Mfano wa karibu ni foleni ya benki: huhesabiwa mteja aliye dirishani na wote waliopanga mstari nyuma yake. Dhana yenyewe ni kongwe. Mfumo wa TENEX ulikuwa tayari ukiitumia mwaka wa 1973.

Nambari tatu

Nambari ya kwanza huhusu dakika 1 iliyopita, ya pili dakika 5, na ya tatu dakika 15. Hata hivyo, huu si wastani wa kujumlisha na kugawanya tu. Vipimo vipya hupewa nguvu zaidi, ilhali athari ya vile vya awali hufifia polepole. Ndiyo sababu mchakato mmoja ukianza kuitumia prosesa mfululizo katika seva iliyokuwa tulivu, baada ya dakika moja nambari ya kwanza huwa takribani 0.6, wala si 1.00. Faida ya nambari hizi imo katika kuzilinganisha. Mfano uliotangulia unaonyesha mzigo unaopanda. Lau mpangilio ungekuwa kinyume, ungeashiria kuwa dhoruba inatulia.

Mzigo na viini vya prosesa

Prosesa za kisasa huwa na viini kadhaa, na kila kiini ni sawa na dirisha moja la benki. Mzigo wa 4.00 katika prosesa ya kiini 1 una maana kwamba mchakato mmoja unahudumiwa na mitatu inangoja. Katika viini 4, hakuna anayengoja. Katika viini 8, nusu ya madirisha hayana mteja. Kwa hivyo, ni sharti nambari igawanywe kwa idadi ya viini, ambayo amri ya nproc huitaja. Jibu likizidi 1 kwa muda mfupi, si neno. Likizidi katika nambari ya dakika 15, foleni imekita mizizi.

Upekee wa Linux

Tangu mwaka wa 1993, Linux huhesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri diski au hifadhi nyingine, bila kuitumia prosesa. Seva yaweza basi kuonyesha mzigo wa 10.00 huku prosesa ikiwa karibu haina kazi. Katika hali hiyo, kuongeza viini ni kutibu mguu ilhali kinachouma ni jino. Amri ya vmstat hutenganisha makundi hayo mawili: safu ya r huonyesha michakato iliyo tayari kwa prosesa, na safu ya b ile iliyokwama.

Hitimisho

Istilahi hii ina funzo kwa wanafunzi wa lugha pia. Neno wastani linadokeza hesabu ya kawaida, na neno mzigo linadokeza kazi ya prosesa pekee. Katika Linux, yote mawili hupotosha. Kuitafsiri istilahi neno kwa neno hakutoshi iwapo dhana haijafafanuliwa. Msimamizi naye na aulize maswali matatu kabla ya kuamua: Je, mzigo unapanda au unashuka? Unabebwa na viini vingapi? Je, foleni iko kwenye prosesa au kwenye diski?