Kukisia si kupima: funzo kutoka karakana

Wahenga walitwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu; hawakutwambia kwamba mawingu ndiyo mvua. Tofauti hii sisi walimu huipitia darasani kwa dakika moja, tukaendelea na mengine. Mwaka uliopita nilipoteza fedha nyingi kwa sababu mafundi wawili waliisahau, nami nikawa wa tatu. Ndiyo maana ninaileta mbele ya wasomaji wa ukurasa huu.

Gari langu, kuukuu kama yalivyo magari ya walimu wengi, lilianza kuzima ghafla kila injini ilipopata joto. Likipumzishwa nusu saa, huwaka kana kwamba halikuwa na kasoro. Waliojifunza umakanika katika zama za kabureta watauliza kwanza habari za petroli na plagi. Hata hivyo, magari mengi yaliyomo barabarani leo yana kompyuta ndogo inayoitawala injini. Kompyuta hiyo, ambayo waandishi wengine wangependa tuiite tarakilishi, hupokea habari kutoka kwa vihisi mbalimbali: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, na mzunguko wa ule mhimili ambao mafundi huuita krenki. Kisha huamua petroli kiasi gani inyunyizwe na cheche itoke wakati gani. Ikikosa habari za krenki, injini nyingi huzima.

Fundi wa kwanza, kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, alichomeka mashine yake chini ya usukani, nayo ikamwonyesha msimbo P0335. Misimbo hii ni lugha, nayo ina sarufi yake. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani iliwalazimisha watengenezaji wafuate mfumo mmoja, nao ukaenea katika nchi nyingine. Herufi P huonyesha injini na gia. Sufuri husema kwamba msimbo ni wa watengenezaji wote. Tatu hutaja mfumo wa cheche. Na tarakimu mbili za mwisho hutaja jambo lenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kuchanganua kitenzi cha Kiswahili kwa mofimu zake hataona ugumu wowote hapa.

"Daktari, sensa ya krenki imekufa," kijana akanitafsiria. Tukanunua nyingine. Baada ya siku mbili gari likazima tena, na msimbo ukawa ule ule.

Usiku huo nilitafuta maelezo kamili ya msimbo nikayasoma mwenyewe. Hayakusema kwamba kihisi kimekufa. Yalisema kwamba kuna hitilafu katika saketi ya kihisi. Neno moja, saketi, lilikuwa limeangushwa njiani wakati wa kutafsiri. Saketi ni njia nzima ya umeme: kihisi chenyewe, waya zake, viungo vya waya hizo, na ile sehemu ya ndani ya kompyuta inayopokea habari. Washukiwa walikuwa wanne, nasi tulikuwa tumemfunga wa kwanza tuliyemwona.

Fundi wa pili, naye mhitimu, alisikia kwamba kihisi ni kipya akahukumu papo hapo: kompyuta ndiyo mbovu. Hakupima chochote. Tukanunua kompyuta iliyotolewa katika gari jingine, akaifunga. Gari likawaka kwa sekunde mbili, likazima, na kila lilipowashwa tena ikawa vivyo hivyo. "Hii nayo ni mbovu," akasema. Mwenye duka akatuonyesha tangazo ukutani: vifaa vya umeme havirudishwi.

Rafiki mmoja akanielekeza kwa mzee mwenye karakana ya mabati nje ya mji. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, hili gari nani amelipima?" Nikamhesabia vitu tulivyobadilisha. "Hivyo ni vya kununua," akanijibu kwa upole. "Mimi nauliza ya kupima."

Aliirudisha kompyuta ya zamani, akachukua kipimo cha volti na daftari. Alianza na betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, nayo ni hali njema. Akaenda kwenye soketi ya kompyuta, akahakikisha kwamba umeme unaifikia wote na kwamba waya zinazourudisha kwenye bodi ya gari hazina kutu. Waya hizo zikilegea, alinieleza, kompyuta nzima hufanya vituko, ikahukumiwa bure. Akapima zile volti 5 ambazo kompyuta huvigawia vihisi, maana kimoja kikipiga shoti huweza kuvinyima vingine umeme. Akatikisa waya moja baada ya nyingine, na kila kipimo akakiandika. Kisha akaliacha gari lingurume mpaka likazima lenyewe. Hapo hapo, msaidizi wake akizungusha stata, akapima penye mlango wa kompyuta. Habari za krenki zilikuwa zinafika barabara, ilhali kompyuta haikutoa amri yoyote ya cheche. Ndipo, baada ya takriban saa tatu, alipotamka: "Kompyuta ni mgonjwa."

Kumbe fundi wa pili alikuwa amepata jibu! Lakini tazama jibu hilo lilivyomfaa. Mzee alipofungua kisanduku, miguu ya vipande kadhaa vya ndani ilikuwa na kutu ya kijani, na ukingoni palikuwa na alama ya maji. Akanionyesha yalikotoka: mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umeachia pembeni, na kila mvua iliponyesha matone yalishuka nyuma ya dashibodi hadi juu ya kompyuta. Akakataa kufunga nyingine kabla ya kioo kuzibwa. Ile niliyoinunua aliigeuza akanisomea nambari yake: ilitoka katika gari la aina yangu, ila lenye gia za mkono, ilhali langu ni la otomatiki. Tena ilikuwa imezoea ufunguo wa mwenyewe wa kwanza. Magari mengi yana mfumo wa kuzuia wizi, na kompyuta isipoutambua ufunguo huikatalia injini. Huenda haikuwa mbovu hata kidogo.

Mzee alitafuta yenye nambari ile ile, akaondoa waya wa betri kabla ya kugusa soketi, akaifunga, akaizoeza funguo zangu, akafuta msimbo, tukaliendesha gari mpaka likapata joto. Tangu siku hiyo halijazima.

Siwacheki wale vijana wawili. Ni wanafunzi wetu. Tuliwafundisha kwamba mtihani ni jibu, na kwamba anayelitoa upesi ndiye hodari. Mwalimu wa hesabu hutoa alama kwa hatua hata jibu likikosea, lakini sisi wengine aghalabu hutuza jibu lililokaririwa bila kuuliza limepatikanaje. Isitoshe, tuliwatahini kwa Kiingereza, wakabeba majina ya vifaa vichwani kama mizigo iliyofungwa. Kwa kijana wa kwanza, neno saketi lilikuwa mkia tu wa jina refu, naye akaukata. Mzee alinieleza kazi nzima kwa Kiswahili, akitumia njia, mlango na mgonjwa, na hakuna nililoachwa nyuma.

Wapo watakaosema kwamba vitabu vya magari vimeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na sisemi viachwe. Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, wala haikusema kwamba urasmi huo unakomea kwenye mlango wa karakana. Mwalimu wa ufundi amtake mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, kila msimbo unasema nini na hausemi nini. Asipoweza, basi hajauelewa, na afadhali tulijue hilo chuoni kuliko mteja alijue barabarani.

Nawe mwanafunzi, kompyuta ile niliyokatazwa kuirudisha dukani ipo mezani mwangu ofisini. Ukija na jibu lako, nitakuuliza lile lile aliloniuliza mzee: nani amelipima?